Simba wa Njombe: Somo la Wanyama na Chakula Chao

Wasomaji wetu wengi wa Njombe na Makambako wamepata kusikia kwa wazee wao habari za simba waliokula watu. Tangu mwaka 1932 hata mwaka 1947 simba hao walizunguka katika nchi iliyo chini ya milima, upande wa Wanging'ombe na uwanda wa Usangu, wakiua watu mashambani, njiani na hata karibu na milango ya nyumba. Bwana George Rushby, Bwana Nyama aliyekwenda kuwawinda, alikisia kwamba waliokufa walipata 1,500.

Watu wengi walisema hao si simba wa kweli, bali wametumwa kwa uchawi. Kwa hiyo waliogopa hata kuwataja. Leo twataka kulitazama jambo hili kwa elimu ya viumbe, ili mwalimu apate kulifundisha darasani, na mzee apate kulieleza barazani.

Kwanza tuutazame mwili. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne, na utumbo wake hupita mita 40. Ndani ya tumbo hilo mnaishi vijidudu vidogo sana ambavyo huvunja majani na kuyafanya chakula. Simba hana vyombo hivyo. Tumbo lake lina chumba kimoja, utumbo wake ni mfupi, na meno yake ya nyuma hukata nyama kama mkasi, wala hayasagi. Simba akishiba nyika nzima ya majani haimfai kitu, na akiwa na njaa haimwokoi. Yampasa kupata nyama, kiasi cha kilo 5 hata 7 kwa siku tukigawanya sawasawa siku za kula na siku za kukosa.

Basi chakula hufuatana kama pete za mnyororo: jua hukuza majani, majani hulisha swala na nyati, nao hao hulisha simba. Pete moja ikikatika, zote hulegea.

Pete hiyo ilikatikaje? Sababu inayotajwa zaidi ni vita juu ya sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika ya Mashariki kiasi cha mwaka 1890, ukaua ng'ombe na nyati wasiohesabika. Baadaye, ili usivuke kwenda nchi za kusini, serikali ya wakati ule iliamuru wanyama wa porini wapigwe risasi katika nyanda hizi, pawe na ukanda mtupu wa kuuzuia. Nyama ya simba ikapungua, lakini simba wakabaki. Tena mtoto wa simba hujifunza kuwinda kwa mama yake. Mama akizoea kuwinda watu, wanawe huzoea vilevile. Na katika miaka 15 vizazi kadhaa vya simba huzaliwa na kukua.

Bwana Rushby na askari wake wa nyama waliwafuata kwa nyayo na kwa subira, wakaua simba 15, na mauaji yakakoma. Risasi zile zile zinazoua simba yeyote ziliwaua na hao. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua: ukimya wa watu ulikuwa kichaka kizuri cha simba.

Nayo sotoka haikumalizwa kwa kuwaua wanyama wa porini. Ilimalizwa kwa chanjo, na mojawapo iliyofanya kazi kubwa ilitengenezwa Muguga, katika nchi ya Kenya, na Bwana Walter Plowright na wenzake. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba ugonjwa huo umekwisha duniani kote.

Basi yatupasa kufanya nini sisi tunaoishi jirani na pori? Kwanza, mnyama mkali akionekana, apelekewe habari afisa wa wanyamapori siku ile ile. Pili, zizi lijengwe imara, wala mtu asitembee peke yake usiku. Tatu, tusitege mizoga yenye sumu, kwa maana sumu haichagui: huua fisi, tumbusi na mbwa wetu wenyewe. Nne, tusiwinde swala kwa wizi. Anayemaliza swala wa porini humwonyesha simba njia ya kijijini.

Twawaomba walimu wawaulize wanafunzi maswali haya:

1. Kwa nini simba hawezi kuishi kwa majani kama ng'ombe?
2. Wanyama walao majani wakiisha, simba atatafuta nini?
3. Ni jambo gani katika kijiji chetu ambalo watu huliogopa hata hawalitaji, na lingepata dawa kama lingetajwa?

Swali la tatu si la watoto peke yao. Wazee nao walijibu.