Sinema za Wanyama: Kazi ya Macho Kwanza, Kamera Baadaye

Wengi hudhani kwamba kupiga sinema za wanyama kwahitaji kamera nzuri tu. Sivyo. Kwanza kwahitaji elimu ya viumbe, kisha uvumilivu, kisha ukweli.

Tutazame Gombe, mkoani Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile la wavuvi wetu wa Kasanga na Kipili. Mwaka 1960 Jane Goodall alimwona sokwe akichuma kijiti, akakipukutisha majani, akakitia katika tundu la kichuguu, akatoa mchwa na kuwala. Zamani hizo wataalamu walishika kwamba binadamu peke yake ndiye atengenezaye zana. Mwaka 1962 alifika Hugo van Lawick na kamera zake, na watu wa mbali wakapata kujionea maisha ya sokwe hao. Mwaka huo huo Goodall alianza masomo ya udaktari Cambridge.

Basi sinema ni ushahidi. Ukiunga picha ya leo na ya juma lijalo, ukazionyesha kana kwamba ni tukio moja, umemdanganya mtazamaji.

Kazi hii imefundishwa hata kwa wenye shahada ya kwanza, kama katika Chuo Kikuu cha Montana State, Marekani. Lakini mwanzo wake waweza kuwa hapa Kaengesa. Chukua daftari, keti karibu na kichuguu saa nzima. Andika kila uonalo na wakati wake. Unalolidhani liandike ukurasa mwingine. Ukizoea kuyatenga hayo mawili, umeanza somo.