Unakaa Wapi?

Somo: Yohana 15:1-10



Jumapili iliyopita baada ya ibada, mama mmoja alinishika mkono mlangoni. "Pastor, mimi nafungua kibanda saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa tatu usiku. Huko kukaa ndani ya Yesu nitakaa saa ngapi?" Nilimwambia aamke mapema zaidi aombe. Hilo lilikuwa jibu la mtu mwenye njaa anayetaka kwenda kula. Naomba nijaribu tena.

Kati ya mstari wa 4 na wa 10, neno "kukaa" linakuja mara 10. Hesabu mwenyewe. Sasa, ukimuuliza mtu stejini, "Unakaa wapi?" humuulizi ameketi wapi. Atakuambia, "Nakaa Kayole," na saa hiyo yuko Gikomba na mzigo mgongoni. Ametoka kwake alfajiri, atarudi usiku, lakini anakaa Kayole. Vitu vyake viko huko, na kazi ikiisha miguu yenyewe inaelekea huko. Kwenda kazini si kuhama.

Sisemi tuache maombi ya asubuhi. Mtu asipoonekana kwake mwezi mzima, hata mwenye nyumba ataanza kuuliza kama alihama.

Na mimi nilihama. Nilisomea biashara, kwa hivyo napenda hesabu, na mwaka jana hesabu zilikuwa nzuri: mahudhurio juu, sadaka juu, vijana wamejaa. Lakini kwa karibu miezi mitatu nilikuwa nafungua Biblia kutafuta mahubiri tu. Usiku mmoja mtoto wetu akapandwa na homa kali. Nilimpigia daktari, nikampigia ndugu mwenye gari, na tukiwa tunangoja mke wangu akasema tuombe. Nikaanza kwa ile sauti yangu ya madhabahuni. Akaniambia polepole, "Pastor, hapa hakuna mkutano. Ongea na yeye tu." Nilinyamaza. Sikuwa na la kumwambia Bwana. Mtoto alipona, lakini ule unyamavu ulinitisha kuliko homa.

Wengi wetu hatujaona shamba la mizabibu, lakini pasheni tunaijua. Likate tawi lake asubuhi na mapema, uliache pale pale kwenye waya. Kwa muda bado ni la kijani, linashikilia waya, matunda yananing'inia. Anayepita barabarani hawezi kujua. Samsoni pia, Waamuzi 16:20, aliamka akitegemea nguvu za jana, wala hakujua kwamba Bwana ameshaondoka. Ripoti yangu ilikuwa tawi la namna hiyo.

Angalia basi mstari wa 10. Yesu anaunganisha kukaa na kushika amri zake. Hiyo ndiyo sehemu tunaruka, kwa sababu kusema "niko na Yesu" ni rahisi kuliko kumtii saa nne asubuhi wateja wakiwa wamejipanga. Mkono ukienda kwa ile gorogoro iliyobonyezwa chini (sisemi ni yako, mama), hapo ndipo unaulizwa unakaa wapi. Mteja wa deni akikutukana, kabla hujamjibu, mwambie Bwana hata kwa maneno manne, "Yesu, huyu mtu amenichosha." Hilo ni ombi. Na ukishindwa ukamtukana pia, usingoje Jumapili. Rudi hapo hapo, uombe msamaha kwa Bwana na kwa mteja. Mtu akipotea njia usiku, hatafuti nyumba mpya, anatafuta njia ya kwake.

Mimi nimerudi kwa hatua ndogo. Kuna mistari ninayosoma sasa ambayo nimejikataza kuihubiri. Wiki hii ni mstari wa 7, maneno yake kukaa ndani yetu, kwa hivyo msiningoje niwahubirie huo. Chukua nawe mmoja, uuandike, uubandike mahali macho yanafika ukipima maharagwe.

Na mama, Jumapili nitakutafuta kabla sijaenda kula.