Mafua Yameisha, Mkono Umelegea: Kiharusi kwa Watoto

Wengi hukijua kiharusi kama ugonjwa wa wazee wenye presha. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano akiamka mdomo umekwenda upande na kikombe kinamponyoka mkononi, jirani husema amepitiwa na upepo mbaya. Hutafutwa mafuta ya kumkanda, na saa zinakwenda.

Watoto nao hupata kiharusi, ingawa ni nadra: Marekani huwapata takriban mmoja au wawili kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha watoto 355 waliopata kiharusi na 354 wasiokipata, katika nchi 9. Asilimia 18 ya waliokipata walikuwa wameugua maambukizi wiki iliyotangulia, mara nyingi mafua na kikohozi cha kawaida. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 3. Waliokosa chanjo nyingi walikuwa hatarini zaidi, jambo ambalo wanaodharau kadi ya kliniki wangelitafakari.

Mwili unapopambana na virusi, damu huganda kwa urahisi zaidi, na mshipa wa ubongo unaweza kuvimba ukawa mwembamba. Donge la damu likiziba hapo, sehemu ya ubongo hukosa oksijeni.

Si kila kamasi ni ya kutisha. Karibu watoto wote hupata mafua na kupona.

Mtoto mwenye selimundu (sikoseli) ni habari nyingine. Bila tiba, takriban 11 kati ya 100 hupata kiharusi kabla ya miaka 20, kwa hiyo homa yake isisubiri kesho. Akiwa ameandikiwa dawa ya haidroksiurea, asikatizwe.

Kwa mtoto yeyote, dalili za kiharusi huja ghafla: uso kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, maneno kumgongana, kuyumba, kichwa kuuma vikali, au degedege linaloacha upande mmoja dhaifu. Hata zikipotea baada ya dakika chache, apelekwe hospitali mara moja. Njiani alazwe ubavu, asipewe chakula, maji wala aspirini, na akiwa na degedege asitiwe kijiko mdomoni.

Mkifika, mwambieni daktari saa dalili zilipoanza, na mtajieni yale mafua ya wiki iliyopita hata kama yalishapona.