Miguu Yako na Sukari
Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa visiwa vya Lamu wanaoishi na kisukari, na kwa jamaa zao

Vichochoro vya mji wa Lamu havipitishi gari. Kutoka Langoni hadi Mkomani, kutoka gatini hadi msikitini, mtu huenda kwa miguu yake, na akizidiwa hupanda punda. Mvuvi wa Kizingitini hushuka majini peku, mkata boriti huzama topeni hadi magotini, na mama anayekwenda arusini hupanda ngazi za nyumba za mawe zenye vidato virefu. Mguu ukiharibika huku, riziki husimama na mtu hukatikiwa na watu.

Vidonda vingi vinavyofikisha watu kwenye kukatwa mguu huanza kwa jambo dogo: mkanda wa ndara umechuna ngozi, kipande cha ganda la chaza kimeingia, ukucha umekatwa vibaya ukazama nyamani. Tafiti za kimataifa zinakadiria kuwa katika kila watu 100 wenye kisukari, kati ya 19 na 34 watapata kidonda cha mguu wakati fulani maishani mwao. Miguu inayokatwa kwa sababu ya kisukari, takriban asilimia 85 hutanguliwa na kidonda. Ndiyo maana tunahimiza sana habari ya kidonda: kinazuilika, na kikiwahiwa hupona.

Mguu usiouma

Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu. Ile mirefu zaidi, inayofika vidoleni mwa miguu, ndiyo hutangulia. Wengine huhisi kuchomwachomwa usiku, au nyayo kuwaka moto. Wengine hawahisi lolote, ganzi huingia polepole bila wao kujua. Mishipa hiyo ndiyo pia inayoamrisha jasho, kwa hivyo ngozi hukauka, visigino hupasuka magaga, na kila ufa ni mlango wa vijidudu. Wakati huo huo mishipa ya damu husinyaa, na damu inayopaswa kuponya haifiki ya kutosha. Tumbaku, iwe ya kuvuta au ya kutafuna na tambuu, huzidisha kusinyaa huko.

Mtu asiye na ganzi akikanyaga msumari hupiga ukelele, hukaa chini, akautoa. Mwenye ganzi huendelea na safari yake nao umo ndani ya kandambili. Mwaka 2005, Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Jambo hilo laweza kutokea katika nyumba yoyote ya pwani yetu yenye panya. Osha miguu kabla ya kulala isiwe na harufu ya chakula, chomeka chandarua chini ya godoro pande zote, na asubuhi angalia miguu kabla ya kuteremka kitandani.

Kwa hivyo usipime uzima wa mguu wako kwa maumivu. Pima kwa macho, na kwa kidole cha mtu mwingine. Madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza, walibuni kipimo ambacho hata mjukuu aweza kumfanyia bibi yake. Mgonjwa alale, afumbe macho. Anayempima amguse kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa sekunde moja au mbili, wepesi kabisa, bila kubonyeza wala kugonga, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Kila akihisi aseme ni kulia au kushoto. Ikiwa vidole viwili au zaidi kati ya hivyo sita hakuvihisi, ana ganzi, na ahesabiwe kuwa yu hatarini hata kama anatembea vizuri.

Udhu ni wakati wa kutazama

Wenzetu wengi duniani huhimizwa waiangalie miguu yao mara moja kwa siku, na wengi husahau. Mtu wa Lamu anayeswali huosha miguu mara tano. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Chagua udhu mmoja wenye mwanga, Adhuhuri au Alasiri, uwe ndio wa kutazama: juu ya mguu, kisigino, kati ya vidole vyote, kisha unyayo. Usiyeweza kuuinua mguu, weka kioo sakafuni, au mwite mtoto mwenye macho makali. Tafuta wekundu, lengelenge, sugu iliyobadilika rangi, mkato, ufa, ukungu mweupe kati ya vidole, au mahali penye joto kuliko penginepo.

Lakini udhu una upande wake wa hatari, nao ni unyevu. Maji yanayobaki kati ya vidole, mara tano kwa siku, hulea fangasi, na fangasi hufungua ngozi. Weka kitambaa kidogo safi mfukoni au ndani ya mkoba, ukaushe kila kipenyo kwa kugusagusa, si kwa kusugua. Acha kusugua nyayo kwenye jiwe la kando ya birika la msikiti: ni kali, watu wengi wamelitumia, na mwenye ganzi hajui lini ngozi imekwisha. Ukiosha kwa maji moto, mwambie mtu asiye na ganzi ayapime kwanza kwa kiwiko. Usiiloweke miguu. Baada ya kukausha, paka mafuta kidogo, ya nazi au vaselini, juu na chini ya mguu, usipake kati ya vidole.

Mwenye kidonda asiache bendeji ikalowa kwa kuogopa kuharibu swala. Sharia imempa mgonjwa nafasi. Muulize imamu wako namna ya kupaka maji juu ya bendeji au kutayamamu, naye atakueleza.

Viatu

Usitembee peku, hata nyumbani, hata kwenye mchanga. Mchanga wa Shela saa saba mchana huunguza, na asiyehisi hataruka. Msikitini, ambako viatu huvuliwa, vaa soksi safi za rangi nyeupe, damu ikitoka ionekane.

Kandambili ndizo nyingi mitaani kwetu, nazo kwa mwenye ganzi hazifai. Soli ni nyembamba, kigingi cha kati husaga ngozi ya kidole, na kiatu kikivuka mguu mtu hajui. Kwa bahati tuna mafundi. Siyu imejulikana kwa ushonaji wa ngozi tangu zamani, na fundi mzuri aweza kukushonea makubadhi yenye soli nene, ya upana wa mguu wako, yenye mkanda nyuma ya kisigino na yasiyo na kigingi. Mwambie azungushe kalamu kuufuata mguu wako juu ya karatasi jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa shughuli za mchana, na aache sentimita moja au mbili mbele ya vidole. Ukinunua kiatu cha dukani, kata karatasi hiyo hiyo uitie ndani ya kiatu: ikijikunja, kiatu kinabana. Kila unapovaa, kung'uta na upitishe mkono ndani. Vijiwe huingia, na nge pia.

Kucha zikatwe moja kwa moja, bila kuchimba pembeni. Sugu isikatwe kwa wembe wala kupakwa dawa za kubabua. Muuguzi ndiye wa kuipunguza.

Bahari, tope na hina

Mvuvi na mkata boriti hatuwaambii waache kazi. Tunawaomba wavae viatu vya mpira vilivyofungwa, wasuuze miguu kwa maji baridi ya kisima wakirudi, na waitazame kabla ya kula. Ganda la chaza hukata kama kisu kipya na kidonda chake huonekana kidogo juu, kina ndani. Kuna wanaoamini kuwa maji ya bahari huponya. Bahari ya joto ina bakteria wanaoweza kumwangusha haraka mtu mwenye kisukari, kwa hivyo mwenye kidonda asikitumbukize baharini hata kidogo.

Kwa akina mama: hina ni pambo letu na hatuipigi marufuku. Lakini rangi iliyokoza kwenye nyayo na ncha za vidole huficha wekundu na weusi tunaoutafuta, kwa hivyo acha unyayo na vidole wazi, uchore juu ya mguu. Angalia miguu kabla hujapakwa. Piko lililochanganywa na dawa ya kutia nywele rangi lisiguse mguu wako, kwani linaweza kuunguza ngozi hadi kutoa malengelenge.

Kidonda kikitokea

Osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa shashi safi, uende hospitali siku hiyo hiyo. Usitie dawa ya meno, tumbaku, majivu, mafuta ya taa wala unga wa vidonge. Usitumbue lengelenge. Uliza pia sindano ya pepopunda, maana kijidudu chake huishi katika udongo na samadi, na njia zetu zina punda wengi.

Wa kisiwa cha Pate wana hospitali ya Faza. Wa Amu (mji wa Lamu), Shela na Matondoni wana hospitali ya King Fahd. Walioko bara wana Mpeketoni. Boti za kutoka Pate kuja Amu hufuata maji kujaa na kupwa, kwa hivyo anayesema "nitakwenda kesho" huenda akafika kesho kutwa. Ondoka kwa chombo cha kwanza, hasa ukiona kidole cheusi, harufu mbaya, usaha, wekundu unaopanda, homa, au sukari iliyopanda ghafla. Mguu uliovimba na kuwa na joto bila kidonda chochote nao ni wa dharura: mifupa ya ndani huenda inavunjika bila wewe kuhisi. Usiukanyage mpaka uonwe.

Tiba ambayo watu huidharau zaidi ni kupumzisha mguu. Kidonda cha unyayo kinachokanyagwa hakifungi, hata kwa dawa ghali. Familia ipange: nani ataleta maji, nani atakwenda sokoni, hamali gani atamsukuma mgonjwa kwa mkokoteni hadi gatini. Akipanda punda, mguu usigongwe ukutani vichochoroni.

Tunajua wengi huogopa hospitali kwa kusikia kuwa "huko hukata". Hofu hiyo tunaielewa, na ndiyo inayotuumiza zaidi, kwa sababu humfanya mtu akae na kidonda chini ya leso mpaka kimegeuka donda ndugu, kisha afike wakati ambapo kukata ndiko kumebaki kuokoa maisha yake. Jirani huona aliyerudi bila mguu, haoni wiki alizokaa nyumbani kabla ya kupelekwa. Aliyefika na lengelenge hurudi na bendeji.

Kliniki

Sukari yenyewe ishuke: dawa bila kuruka, chai isiyo na sukari, mahamri na halua kwa nadra, wali kidogo na samaki na mboga zaidi. Angalau mara moja kwa mwaka miguu ikaguliwe na mhudumu wa afya, na mwenye ganzi aonwe mara nyingi zaidi. Ukiingia kwa daktari vua viatu kabla hujaulizwa, kwa kuwa foleni ni ndefu na miguu husahaulika.

Aliyewahi kupona kidonda ndiye wa kuangaliwa zaidi. Kati ya watu 100 waliopona, karibu 40 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja. Rudi kila mwezi mmoja hadi mitatu, kama utakavyoelekezwa, na uchukue viatu ulivyokuwa umevaa kidonda kilipoanza, vikaguliwe navyo.