Ukienda likizo Mombasa peke yako, nani atajua umeugua?

Msomaji, kusafiri peke yako kuna raha yake. Unaamka utakapo, unakula utakacho, na hakuna wa kukuharakisha ukitembea Ndia Kuu hadi Fort Jesus. Lakini nyumbani ukishikwa na homa usiku, yupo atakayekugusa paji la uso. Katika lojing'i mlango umefungwa, na mhudumu hudhani umelala tu. Kwa hiyo anayesafiri peke yake hana budi kujipangia mapema yale ambayo jamaa zake wangemfanyia.

Kabla ya kuondoka

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na malaria huko ni nadra. Mwili wa mkazi wake haujazoea vimelea vya ugonjwa huo, hivyo anaweza kuzidiwa upesi kuliko mwenyeji wa Pwani. Mwone daktari wiki mbili kabla ya safari, umwulize kuhusu dawa ya kinga. Doxycycline, kwa mfano, huanzwa siku 1 au 2 kabla ya kusafiri na huendelezwa kwa wiki 4 baada ya kurudi. Haiwafai wajawazito.

Ikiwa una kisukari, pumu au shinikizo la damu, beba dawa za siku kadhaa za ziada, nazo uzigawe katika mikoba miwili. Insulini usiiache juani wala ndani ya gari.

Andika kwenye kadi jina lako, maradhi uliyo nayo, dawa unazotumia, zile zinazokudhuru, na nambari ya simu ya jamaa yako. Iweke ndani ya pochi. Kisha mwachie mtu mmoja jina la mahali utakapolala, mkubaliane saa ya kupigiana simu kila jioni. Asipokupata, apigie lojing'i wakubishie mlango.

Ukiwa kisiwani

Joto la Mombasa lina unyevu, na jasho halikauki upesi. Miezi ya Januari hadi Machi ndiyo mikali zaidi. Tembea asubuhi, pumzika adhuhuri, utoke tena baada ya alasiri. Vichochoro vya Mji wa Kale vina kivuli, lakini uwanja wa ndani wa Fort Jesus uko wazi kwa jua.

Kunywa maji yaliyochemshwa au ya chupa ambayo kizibo chake hakijafunguliwa. Nyumba nyingi kisiwani hutumia maji ya visima. Hayo ni ya kuogea. Dafu likatwe mbele yako. Viazi vya karai na mhogo ule vikitoka motoni, na ujihadhari na chatini iliyoshinda wazi. Ukiharisha, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, unywe kidogo kidogo.

Usiku lala ndani ya chandarua chenye dawa. Mchana pia usijisahau: mbu aenezaye dengue na chikungunya huuma mchana. Mlipuko wa chikungunya ulioikumba Mombasa mwishoni mwa 2017 uliendelea hadi 2018. Jipake dawa ya kufukuza mbu.

Homa ikikushika

Malaria huchukua angalau siku 7 tangu kuumwa na mbu hadi homa kuanza. Homa ya siku ya pili basi huenda ikawa na chanzo kingine, au uliondoka nayo ulikotoka. Usikisie, nenda ukapimwe damu. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji huiita Makadara, iko papo hapo kisiwani.

Kabla ya kupimwa, tuliza homa kwa paracetamol. Usimeze aspirini wala ibuprofen, kwani ikiwa ni dengue zinaweza kukuzidishia kutoka damu.

Ukitapika mfululizo, ukatokwa na damu kwenye fizi, ukaumwa sana na tumbo, ukachanganyikiwa au kupumua kwa shida, usingoje kuche. Mwamshe mpokezi hata kama ni saa tisa usiku, au piga 999. Kumsumbua mtu usingizini si aibu.

Ukisharudi

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Homa ikija wiki mbili baada ya likizo, msafiri hudhani ni mafua au uchovu wa kazi, na daktari asiyeambiwa huenda asifikirie malaria. Kwa muda wa miezi 3, kila ukipata homa mwambie daktari neno hili kabla ya mengine: "Nilikuwa Mombasa." Hilo laweza kuokoa maisha yako.

Safari njema, na usisahau ile simu ya jioni.