Hati moja, mipaka miwili: mfanyabiashara wa Buhongwa ajue nini kuhusu kompyuta za forodha

MWANZA. Lori linalopakia mchele au dagaa Buhongwa sasa halina shida kubwa ya barabara. Likielekea Rusumo au Mutukula, hupitia Usagara na kuvuka Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, bila kusubiri kivuko. Likielekea Kenya, hushika barabara ya Musoma hadi Sirari. Hata hivyo, safari inaweza kukwama kwa sababu nyingine kabisa: taarifa zilizo kwenye kompyuta ya upande mmoja hazikufika, au hazikueleweka, upande wa pili.

Somo la wiki hii linahusu mawasiliano hayo. Ni jambo la mfuko wa mfanyabiashara, si la mafundi wa kompyuta peke yao.

Mfumo ulivyo

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika Januari 2005, ukiongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004. Mwaka 2014 nchi wanachama zilianza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha. Mwagizaji hutoa tamko na kulipa kodi katika nchi ambako mzigo unakwenda. Mamlaka ya mapato ya nchi hiyo hupeleka idhini kwa njia ya kompyuta kwa wenzao wa nchi ulikoanzia au ulikoingilia mzigo, nao huuruhusu uondoke.

Ugumu ni kwamba kila nchi ina mtambo wake. Tanzania ilianza kutumia TANCIS mwaka 2014. Kenya iliachana na mfumo wa Simba na kuhamia iCMS. Uganda, Rwanda na Burundi zinatumia ASYCUDA World, uliotokana na kazi ya UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Hakuna aliyetupa mtambo wake ili achukue wa jirani. Kilichofanyika ni kuifanya mitambo hiyo ibadilishane ujumbe.

Ngazi nne za kuelewana

Ili huduma za serikali mbili zifanye kazi pamoja, mambo manne lazima yakubaliane.

Kwanza ni sheria. Ofisa wa Kenya hawezi kufanya kazi ndani ya ardhi ya Tanzania bila sheria kumruhusu. Ndiyo maana Jumuiya ilitunga Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mpakani ya mwaka 2016. Rusumo ilifunguliwa rasmi Aprili 2016, Mutukula Novemba 2017 na Namanga Desemba 2018. Katika vituo hivyo lori husimama mara moja, upande linakoingia.

Pili ni utaratibu wa ofisi. Idhini ya forodha pekee haitoshi ikiwa ofisa wa afya ya mimea au wa viwango bado anadai karatasi yake.

Tatu ni maana ya maneno. Samaki mdogo anayeitwa dagaa Mwanza huitwa omena Kisumu na mukene Kampala. Kompyuta haijui kwamba ni kitu kimoja; inachojua ni namba ya bidhaa katika orodha ya kimataifa ya forodha, ambamo samaki waliokaushwa wako kichwa 03.05. Ni hivyo hivyo kwa vipimo. Gunia la lumbesa halina maana kwenye tamko. Zinazosomeka ni kilo.

Nne ni mitambo yenyewe: umeme, mtandao na programu za kupokea ujumbe. Watu wengi hulaumu ngazi hii, lakini mara nyingi tatizo huwa katika zile tatu za juu.

Fundisho la 2020 na 2021

Mei 2020 Kenya iliamuru madereva wa malori wanaoingia kutoka Tanzania wapimwe COVID-19. Kutambuana majibu ya vipimo kukawa mgogoro, na malori yakapanga foleni Namanga. Mwaka huo huo Jumuiya ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ili jibu la kipimo cha nchi moja lionekane katika nchi nyingine. Kipimo kilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni namna ya jirani kukiamini.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliondoa zuio hilo kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti cha uasili pamoja na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Aliyekuwa na mahindi safi bila cheti alikwama sawa na mwenye mahindi mabovu.

Hesabu ya kuchelewa

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara amekopa Sh. 40,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka ili apeleke mchele Kenya. Riba ya mwaka ni Sh. 7,200,000, yaani karibu Sh. 20,000 kwa siku. Tuseme mwenye lori anatoza Sh. 150,000 kwa kila siku ya kusubiri. Siku 3 mpakani zitagharimu Sh. 450,000 za lori na Sh. 60,000 za riba, jumla Sh. 510,000. Kama faida iliyotarajiwa ilikuwa Sh. 1,200,000, zaidi ya theluthi moja imekwisha kabla mnunuzi hajafungua gunia.

Kosa la cheti cha uasili ni baya zaidi. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya hailipi ushuru wa forodha ikiwa na cheti hicho, ingawa kodi nyingine za ndani, kama VAT, huweza kutozwa. Bila cheti, mchele unaweza kuhesabiwa kuwa umetoka nje. Ushuru wa pamoja umeuweka mchele kwenye orodha ya bidhaa nyeti, kwa asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kipi kilicho kikubwa. Baadhi ya nchi huruhusiwa kutumia kiwango tofauti kwa muda. Hakuna faida ya mchele inayoweza kubeba mzigo huo.

Mambo ya kufanya kabla ya kupakia

1. Mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kupita kwa utaratibu rahisi, kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa kinachotolewa na forodha mpakani, mradi bidhaa iko kwenye orodha iliyokubaliwa. Mzigo wa dola 1,800 unafaa. Wa dola 2,400 unahitaji hati kamili.

2. Hakikisha mnunuzi wa upande wa pili amesajiliwa katika nchi yake. TIN ya Tanzania haichukui nafasi ya PIN ya Kenya. Anayeingiza mzigo Kenya ndiye anayetoa tamko huko, na tamko lianze kabla lori halijaondoka Buhongwa.

3. Linganisha ankara, cheti cha uasili na tamko, neno kwa neno na kilo kwa kilo. Tofauti ndogo huweza kusimamisha mzigo.

4. Pata vyeti vya ubora na afya mapema. Tangu mwaka 2019 viwango na usalama wa chakula viko chini ya TBS.

5. Malipo yapitie benki. Mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, EAPS, uliozinduliwa mwaka 2013, umeunganisha mifumo ya benki kuu, ukiwemo TISS wa Tanzania na KEPSS wa Kenya. Muulize meneja wa tawi kama benki yako inautumia, kwani si lazima kila shilingi igeuzwe dola kwanza.

Kwa mwekezaji mdogo

Anayeweka fedha katika biashara ya mwenzake ya kuvusha mizigo asiulize bei ya soko la Kisumu au Kigali tu. Aulize pia nani ni mwagizaji, hati gani zipo mkononi, na shehena iliyopita ilikaa mpakani siku ngapi. Asipopata jibu la maswali hayo matatu, fedha zake zibaki benki hadi majibu yapatikane.