Washa Tochi ya Simu, Tazama Kinywani

Sisi wa Elerai, hapa Arusha, tukicheka mkoani kwa watu, wanatujua: "Wewe wa Arusha, eeh?" Ni ile rangi ya kahawia ya meno yetu. Shika kioo tuangalie.

1. Hesabu kwa robo. Kila robo ya kinywa cha mtu mzima ina meno 8: mawili ya mbele, chonge moja, magego madogo mawili na makubwa matatu, jumla 32. La mwisho huchelewa, wengine haliwatoki kabisa. Ukitaka kuyajua vizuri, kula muwa: chonge ndiyo inayomenya, magego yanakamua. Na mzee wa Kimaasai akikosa mawili ya chini katikati, usimpe pole. Huenda yaling'olewa kimila.

2. Usisugue kahawia kwa mchanga. Si uchafu. Jino limevaa enameli, ngumu kuliko mfupa. Chini yake kuna dentini, na ndani kabisa nyama laini yenye neva, ile inayokukeshesha usiku. Enameli ikikwanguka haioti tena.

3. Angalia maji ya mtoto kuliko yako. Meru ni mlima wa volkano, na miamba yake hutia floraidi kwenye chemchemi na visima. Kidogo hulinda jino. Ikizidi, huharibu enameli wakati inaumbwa, jino likiwa bado limejificha ndani ya fizi, na ndipo kahawia ile inapotoka. Ndiyo maana mgeni akihamia hapa ukubwani meno yake hayageuki rangi, ila wanawe wanaozaliwa hapa wamo hatarini hadi miaka 8 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha huua vijidudu tu. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki palepale, tena imekolea. Kule Ngurdoto wataalamu huichuja kwa mkaa wa mifupa. Nyumbani, kinga mvua ya bati, bati likishaoshwa na mvua za kwanza.

4. Magadi kwenye makande, hapana. Najua yanaivisha haraka, lakini nayo yana floraidi. Loweka mahindi na maharage tangu jana yake.

5. Mtoto akifika miaka 6, mwambie "aaa!" Nyuma kabisa kuna gego jipya. Halikung'oa jino lolote, kwa hiyo mama wengi hudhani ni la utoto, wanaliacha litoboke. Hilo ndilo atakalotafunia nyama choma akiwa babu.